Keni ya Yuliana na Pua ya Gaudensia

Kabla hamjamhukumu Gaudensia, nipeni muda niwaeleze pua yake ilikotoka, maana kisa chote hiki kilianzia puani.

Alilelewa na bibi yake huko Buswahili, Butiama. Bibi alikuwa na ng'ombe wanne na vibuyu saba, na ukimtazama ungesema alivipenda vibuyu kuliko ng'ombe. Asubuhi, kabla ya kukamua, alikinga mkojo wa ng'ombe kwenye kata, akautia kibuyuni, akausukasuka, akaumwaga, kisha akapitisha kijinga cha moto ndani mpaka moshi ukatokea mdomoni mwa kibuyu. Maziwa yaliyolala humo yalikaa siku nyingi bila kuharibika. Watu wa zamani walifanya hivyo mchana kweupe. Wapo wanaofanya mpaka leo, ila siku hizi hawasemi. Gaudensia alilala chumba kimoja na vibuyu vile mpaka alipomaliza darasa la saba. Ile harufu kali ya kuchokonoa pua aliijua kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani kwenu akipita uani.

Baada ya kidato cha nne alipata kazi Musoma, kwenye kiwanda cha samaki. Kazi yenyewe ilikuwa kunusa. Anafunua shavu la sangara, anainama, anasema, "Huyu wa jana mchana, amekaa juani." Wavuvi walibisha, lakini kila alipobishiwa ilikuja kuonekana kwamba yeye ndiye mkweli. Wakampa jina, Mama Pua, naye hakukasirika. Samaki walipopungua na wafanyakazi wakapunguzwa, alihamia Bunda, akaajiriwa na kiwanda kidogo cha maziwa cha ushirika wa wafugaji, pale Manyamanyama.

Hapo akawa mpokeaji. Wafugaji wanaleta keni zao za maziwa alfajiri, yeye anafunua, ananusa, anatumbukiza laktomita kuona kama kuna maji, anachanganya na spiriti kidogo kuona kama yataganda. Utaratibu wa ushirika ulikuwa mkali: pua ikikataa, maziwa yamekataliwa hata kama vipimo vingine vyote vimekubali. Na mfugaji akikataliwa mara tatu kwa uchafu wa chombo, jina lake linakatwa kwenye daftari la wanachama, harudi tena. Mara hiyo ya tatu meneja mwenyewe lazima awepo ashuhudie.

Sasa, mwaka juzi ukaja mtambo.

Zamani maziwa yalipozwa kwa mashine za umeme. Siku moja umeme ulikatika, jenereta nalo likagoma, tangi zima likachacha, nguruwe wa Manyamanyama wakayanywa mpaka wakalala chali. Meneja, bwana mmoja anaitwa Baltazari, akaapa kwamba jambo lile halitarudia. Akahangaika huko na huko mpaka ushirika ukapata mtambo wa aina nyingine, unaoendeshwa na moto. Boila inachochewa kwa maganda ya mbegu za pamba, ambayo Bunda hayajawahi kuwa haba, na moto ule ule unapoza maziwa.

Hapo ndipo watu walipoanza kutazamana.

"Mura, kijana wangu," mlinzi Matiko alimwambia fundi siku ya kwanza, "mimi nina miaka hamsini na mbili. Sijawahi kuona mtu anapika kitu kikapoa."

Fundi aliitwa Prosper, alitoka Mwanza, na alikuwa mtu wa kueleza bila kuchoka. Alimwomba Gaudensia chupa yake ya spiriti, akamdondoshea tone mgongoni mwa mkono, akampulizia.

"Unasikia nini, dada?"

"Baridi."

"Spiriti inapokauka inaondoka na joto la mkono wako. Humu ndani kuna amonia, inafanya hivyo hivyo kwenye mabomba: inageuka hewa, inaondoka na joto la maziwa. Halafu kuna maji upande wa pili, maji yana kiu kubwa ya amonia, yanaimeza yote. Sasa ikishamezwa tutaipataje irudi kazini? Tunayachemsha maji, inatoka. Basi. Kazi ya moto ni kuitoa tu. Na lile joto lililotoka kwenye maziwa halipotei, linaenda kwenye yale maji yenu ya kuoshea keni. Mtaoshea maji moto bila kuni."

"Na hiyo amonia ikitoka nje?" aliuliza Gaudensia.

"Utajua. Inachoma macho, utakimbia mwenyewe. Ukiona hivyo unanipigia."

Gaudensia alilishika neno hilo: inachoma macho, utakimbia.

Mtambo ulifanya kazi. Maziwa yaliingia tangini na joto la ng'ombe, yakashuka mpaka nyuzi nne, na keni zikaoshwa kwa maji moto kama alivyoahidi Prosper. Lakini kufanya kazi ni kitu kimoja na kuaminiwa ni kingine. Wafugaji walisema kitu kinachopoza kwa moto lazima kinaweka dawa kwenye maziwa. Wengine wakasema lita zinapungua tangu mtambo ufike, kwa hiyo mtambo unayanywa. Wakawa wanasimama madirishani kuchungulia, wanaegemea, wanatia vidole. Baltazari, ambaye naye alishuku kwamba kuna mtu anataka kuiba valvu za mtambo, akaagiza madirisha yote ya upande wa mtambo yapigiliwe mbao. Chumba cha mtambo na banda la kupokelea maziwa vinatenganishwa na ukuta usiofika juu. Yakumbukeni madirisha hayo.

Kati ya wafugaji alikuwepo mama mmoja wa Balili, Yuliana, mjane wa marehemu Magesa. Ng'ombe wawili wa maziwa, baiskeli moja, keni moja ya lita ishirini iliyofungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa wa kwanza kufika kila siku, maana alipenda kumaliza mapema awahi shamba. Mwenyewe alikuwa si mtu wa maneno mengi.

Asubuhi moja ya mvua za masika, Gaudensia alifungua mlango wa banda, akawasha taa, Yuliana akaingiza keni yake. Gaudensia akafunua, akainama, akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu aliyekufa zamani. Kibuyu cha bibi. Ile ile, hafifu, lakini ile ile.

Akapima laktomita: sawa. Akachanganya na spiriti: hayakuganda. Akainama tena. Ipo.

"Mama, keni umeoshea nini?"

"Maji na sabuni. Nilikuwaga naoshea nini kingine?"

"Nyumbani hasa ni wapi, mama?"

"Niliolewa hapa Balili. Nimezaliwa Buswahili."

Ona sasa. Angesema Tarime, angesema Ukerewe, huenda Gaudensia angejiuliza mara mbili. Lakini Buswahili aliijua, aliyajua mambo ya kwao, na aliposikia neno hilo moyo wake ukafunga kesi.

"Sitapokea leo," akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima. "Hata bibi yangu alifanya hivyo, mama, sikulaumu. Lakini hapa hawataki chombo cha mkojo."

"Mkojo," akasema Yuliana. Akafunika keni, akaifunga kwenye baiskeli, akaondoka bila kuaga.

Wafugaji waliokuwa wakiingia walisikia. Kufikia Jumapili, kanisani, wanawake wawili walisogea mbali kidogo na Yuliana kwenye benchi.

Siku nne zilizofuata maziwa yalikuwa safi. Gaudensia akajisemea, amejirekebisha. Siku ya tano harufu ikarudi. Akakataa mara ya pili, na safari hii aliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

"Kuna nani anasubiri nafasi yangu?" Yuliana aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Kuna watu kumi na mmoja wanaomba uanachama, orodha iko pale ukutani, mimi najua kusoma. Yupi ni ndugu yako kati ya hao?"

"Mama, mimi nanusa tu."

"Haya, mpokeaji." Hakumwita mwanangu, kama alivyozoea. "Wewe nusa. Mimi ng'ombe wangu wawili ndio wananiweka mjini. Nikikatwa hapa nitauza mmoja, halafu wa pili. Lakini sio hilo. Hilo nitalivumilia. Nitazikwa naitwa mama wa mkojo."

Maneno hayo Gaudensia alirudi nayo nyumbani, akala nayo. Lakini pua yake haikuwahi kumdanganya, sio Musoma, sio hapa. Mtu akikubaliwa na watu wote kwa kitu kimoja tu maishani, kukishuku kitu hicho ni kazi ngumu kuliko kumshuku jirani.

Mchana wa kesho yake alikwenda kunywa chai kwa Consolata, mama anayepika karibu na stendi. Chai ya maziwa, nzito, tangawizi ya kutosha. Akanywa kikombe, akaomba cha pili.

"Maziwa mazuri haya," akasema. "Unatoa wapi?"

Consolata alikuwa anakanda unga, hakuinua kichwa. "Ndiyo yale uliyoyafukuza jana."

"Yapi?"

"Ya mama Yuliana. Alikuja analia huyo, nikayachukua yote, mengine nikayaweka kwenye friji. Nimeyanusa kabla sijayapika, nimeyanusa baada ya kuyapika. Mimi nimezaa watoto sita, Gau, mkojo nausikia kutoka barabarani. Sijasikia kitu."

"Tangawizi inaficha."

"Inaficha yakishachemka. Nimekwambia niliyanusa mabichi." Hapo akainua kichwa. "Au pua yangu haina cheti?"

Gaudensia aliweka kikombe chini. Kwanza alimshuku Consolata: huenda ni rafiki wa Yuliana, wamepanga. Kisha akamshuku Yuliana: huenda alileta maziwa mengine. Kisha, polepole, bila kupenda, akabaki na mtu mmoja ambaye hajamshuku.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu alitoka nyumbani mapema kuliko kawaida, akafika kiwandani boila ikiwa imeshachochewa lakini mfugaji hata mmoja hajafika. Matiko alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, kanga begani.

"Mbona mapema, dada Gau? Umefukuzwa?"

"Kaka Matiko, banda limefunguliwa leo?"

"Lifunguliwe na nani? Ufunguo unao wewe."

Akafungua. Akaingia. Hakuwasha taa, alisimama katikati ya banda tupu, mahali ambapo hapakuwa na keni, hapakuwa na maziwa, hapakuwa na Yuliana. Akavuta pumzi.

Kibuyu cha bibi kilikuwepo.

Akamwita Matiko aje anuse. Matiko akaingia, akavuta pumzi kifuani mwote.

"Sisikii kitu. Nimelala hapa hapa mlangoni usiku kucha."

"Ndiyo maana husikii. Toka nje, tembea mpaka barabarani, urudi."

Matiko alikwenda huku ananung'unika kwamba wanawake wa Buswahili wana amri nyingi. Aliporudi na kutia kichwa ndani, uso ulibadilika. "Hee. Nani amekojoa humu?"

Gaudensia hakucheka. Alikuwa ameshafungua droo ya meza ya vipimo, anatafuta kijitabu cha karatasi za litmasi ambazo hakuna aliyezigusa tangu ziletwe. Alikumbuka somo la kidato cha pili: mkojo uliolala hunuka amonia, na karatasi nyekundu ikikutana na amonia inageuka bluu. Akalowesha mbili kwa maji ya bomba. Moja akaibandika kwenye ukuta unaotenganisha banda na mtambo, juu, pale ukuta unapoishia. Nyingine akatoka nayo nje akaibandika kwenye shina la mpera. Kisha akakaa ngazini kusubiri.

Ya nje ilibaki nyekundu mpaka ikakauka. Ya ndani ilianza kugeuka kingoni, kama nguo inayoloana, mpaka ikawa bluu yote.

Baltazari alifika saa kumi na mbili na nusu, shati limenyooshwa. Hakuja kwa bahati. Ilikuwa siku ambayo Gaudensia mwenyewe, jana yake mchana, alikuwa amemwomba aje mapema, akidhani labda atakataa mara ya tatu na meneja anatakiwa kushuhudia. Sasa alimwonyesha karatasi.

Baltazari aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Huyu Yuliana ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mmetoka kijiji kimoja. Jana ulisema mchafu, leo unasema mtambo wangu ndio mchafu. Unajua watu wanavyoutafutia sababu mtambo huu?"

"Najua, meneja. Na mimi nilikuwa namtafutia sababu mtu mwingine."

"Prosper alisema ikivuja itachoma macho."

"Ikivuja sana. Hii inavuja kidogo. Usiku usio na upepo inakusanyika humu mpaka asubuhi, kwa sababu madirisha yamepigiliwa mbao. Mimi nafungua mlango, wa kwanza kuingia ni mama Yuliana, nainama kwenye keni yake na hewa hii puani. Akija wa pili, upepo umeshapita. Siku ile ya kwanza nilinusa banda, meneja. Sikunusa maziwa."

Baltazari aliigusa karatasi kwa kidole. Alikuwa mtu wa kushuku lakini hakuwa mtu mbaya. Wakati huo baiskeli ilisikika getini.

Yuliana aliingia, akamwona meneja, akaelewa mara moja maana ya meneja kuwepo asubuhi ile. Nyuma yake kulikuwa na wafugaji watano au sita, wamekuja mapema kidogo, si kwa maziwa tu. Watu hupenda kuona jina la mwenzao likikatwa, ili wajue wao bado wapo. Yuliana akaifungua keni kwenye mpira, akaiweka chini palepale nje, akasimama wima.

"Malizeni," akasema.

Gaudensia alitoka na vyombo vyake vyote akaviweka juu ya meza uwanjani. Akafunua keni. Akainama, akanusa kwa muda, mbele ya watu wote, anga ikiwa juu yake. Kulikuwa na harufu ya maziwa, na ya majani, na kwa mbali ya sabuni ya mche.

"Maziwa haya ni safi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Na yale niliyoyakataa mara mbili yalikuwa safi. Nilikosea mimi. Harufu ilikuwa ya mtambo, inavuja, karatasi ile pale ukutani imethibitisha. Mama Yuliana hajawahi kuleta chombo kichafu hapa. Kanisani mliosogea, nimesema mimi nilikosea."

Mfugaji mmoja akasema, "Tulisema sisi, mtambo huu una dawa."

"Haijaingia kwenye maziwa," Gaudensia alimjibu. "Maziwa yana bomba lake. Iko hewani, na itaondoka madirisha yakifunguliwa. Mnaotia vidole madirishani, ninyi ndio mliofanya yafungwe."

Baltazari alikwenda kwa Matiko, akaomba nyundo, akaanza kung'oa mbao mwenyewe, shati lake lililonyooshwa likiloa jasho kwapani.

Yuliana hakusema asante. Alisubiri maziwa yapimwe, yamiminwe, akapewa stakabadhi, akaisoma mstari kwa mstari, akaondoka.

Prosper alifika siku iliyofuata, akazima boila, akakuta sili, ule mpira wa kuzuia uvujaji, kwenye pampu inayosukuma yale maji yenye amonia, imechakaa upande mmoja. Akaibadilisha. Alimwomba Gaudensia radhi kwa maneno yale ya macho kuchoma. Akamwambia wapo mafundi wanaotembea na karatasi kama zile mfukoni, yeye alizisahau nyumbani.

"Sasa unajua," akasema Gaudensia.

Kwenye daftari, wino mwekundu ulikatwa na wino wa bluu, meneja akasaini pembeni. Kanisani, wanawake wale wawili walirudi kukaa karibu, ingawa Yuliana ndiye aliyesogea mbali safari hii. Na Gaudensia alibadilisha utaratibu wake: kila asubuhi anafungua mlango na madirisha yote kwanza, anatoka nje mpaka barabarani, anarudi, na maziwa ananusia uwanjani. Jina la Mama Pua watu wakilitaja, siku hizi haitiki.

Lakini kuna jambo moja hakulipanga. Siku chache baadaye, Yuliana alifika, akaegesha baiskeli, na badala ya kufungua keni akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi yangu."

"Karatasi gani, mama?"

"Ile nyekundu. Mmenipima miaka minne. Na mimi nipime."

Gaudensia akachana moja kwenye kijitabu, akamloweshea. Yuliana akaingia nayo bandani mwenyewe, akaibandika juu ukutani, akasimama chini yake mikono imefungwa kifuani, wakati wafugaji wengine wakijipanga nyuma na keni zao na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Tangu siku hiyo anafanya hivyo kila asubuhi. Mvua inyeshe, jua liwake, foleni iwe ndefu namna gani, banda zima linamsubiri Yuliana na karatasi yake.

Akiridhika anaibandua, anaitia kwenye fundo la kanga, anakuja uwanjani, anafunua keni mbele ya Gaudensia.

"Leo mashine yenu imeoga," anasema. "Haya, nusa."